NDEGE NDOGO NA KAZI YA RUBANI

Hotuba iliyosomwa mbele ya mkutano wa wanachama



Nimeombwa niseme habari ya marubani wa Marekani na ndege ndogo za jeti. Najua wako watakaonung'unika, "Rubani ana shida gani? Mshahara wake wa mwezi mmoja ni wangu wa mwaka." Ni kweli, rubani wa kampuni kubwa si maskini. Lakini lililompata ni lile lile linalompata mfagiaji anayeambiwa asubuhi kwamba ufagio ni ule ule, sakafu ni ile ile, ila tangu leo tajiri wake ni kontrakta. Kwa hiyo nawaomba mvumilie kidogo, maana mambo haya yana vifundo.

Kwanza mzijue ndege zenyewe. Kwa miaka mingi miji midogo ya Marekani ilifikiwa kwa ndege za pangaboi, zenye makelele, zipitazo chini mawinguni, na abiria hawakuzipenda. Ndipo Bombardier wa Canada na Embraer wa Brazil walipotengeneza jeti ndogo ya viti 50 hivi. Kampuni ya Comair, yenye makao yake karibu na Cincinnati, ilikuwa ya kwanza Marekani kurusha ile ya Bombardier, mwaka 1993. Jeti hii yapaa juu na kwenda kasi kama ndege kubwa, lakini marubani wake wawili walilipwa kidogo sana kuliko wenzao wa ndege kubwa.

Sasa tazameni jinsi nyumba ilivyojengwa. American Airlines ilikuwa na ndugu yake mdogo, American Eagle. Mwenyewe mmoja, AMR. Abiria hununua tikiti moja. Lakini marubani walikuwa katika orodha mbili za miaka ya kazi, mikataba miwili, hata vyama viwili: wa ndege kubwa katika Allied Pilots Association, wa ndege ndogo katika chama kingine, ALPA. Katika mkataba wa wale wakubwa mlikuwa na kifungu kinachosema ni safari gani ni zao, na zipi zaweza kupewa wadogo. Mimi nitakiita kifungu cha mipaka. Wakati wadogo walipokuwa na ndege za pangaboi, mpaka ulionekana hata na mtoto. Jeti ndogo ilikuja ikaufuta.

Mnamo 1997 AMR ilitaka kununua jeti ndogo 67, ziendeshwe na marubani wa Eagle. Marubani wa American wakasema, la, jeti ni kazi yetu. Mkubwa wa kampuni, Bw. Robert Crandall, alijibu kwamba ndege ndogo ikilipiwa mishahara ya ndege kubwa haitaleta faida, na kampuni nyingine zitaichukua miji ile. Mimi sisemi alidanganya. Mshahara wa watu wawili ukigawanywa kwa viti 50 ni mzigo kuliko ukigawanywa kwa viti 150. Hiyo ni hesabu ya darasa la tatu. Lakini marubani nao walikuwa na hesabu yao: leo viti 50, kesho 70, kesho kutwa 100, na siku moja mtu ataamka akute ndege yake inarushwa na mwingine kwa nusu ya malipo, na jina la kampuni ubavuni ni lile lile.

Usiku wa kuamkia tarehe 15 Februari 1997 saa sita ilipopita, mgomo ukaanza. Nusu saa haijatimia Rais Clinton akausimamisha. Alitumia sheria ya kazi za reli ya mwaka 1926, ambayo tangu 1936 inayashika mashirika ya ndege pia. Sheria hiyo humruhusu Rais kuunda baraza la dharura na kuwarudisha watu kazini kwa siku 60. Basi huo ulikuwa mgomo usiotosha hata kuchemsha maharagwe.

Mapatano yalipatikana Machi, na marubani wakayapigia kura ya kuyakubali mwezi wa Mei. Soma makaratasi utaona nani alipata nini. Marubani wa American walipata nyongeza ya mishahara na haki ya kununua hisa kwa bei ya chini. Kampuni ilipata neno lililoleta ugomvi: jeti ndogo zilikwenda kwa Eagle, ila ziliwekewa hesabu na kikomo cha viti. Na pakajengwa ngazi kati ya orodha mbili zile. Rubani wa Eagle aweza kupanda kwenda American kwa zamu yake, na rubani wa American akipunguzwa kazi aweza kushuka kwenda Eagle.

Siku ile ngazi ilionekana ni neema. Baada ya mashambulio ya Septemba 11, 2001, abiria walipungua na American ikapunguza marubani wengi. Wale waliokuwa wakingoja kupanda wakaona watu wanashuka, tena wanashukia kwenye viti vya unahodha. Fikirini, ndugu. Umemngoja tajiri miaka mitano akupandishe, halafu anayekuja kukusogeza si tajiri, ni mfanya kazi mwenzio mwenye karatasi ya haki mkononi. Hapo ndipo chuki huingia, na tajiri amekaa pembeni anakunywa chai.

Mwaka huo huo wa 2001, tangu mwisho wa Machi, marubani wa Comair waligoma siku 89. Comair wakati huo ilikwisha kununuliwa na Delta. Walidai mshahara na masharti bora, wakisema jeti ni jeti, na abiria ni abiria. Walipata nyongeza. Lakini pia baadhi yao, pamoja na wenzao wa Atlantic Southeast, walikipeleka mahakamani chama chao wenyewe, ALPA, kwa kuwa chama hicho kilikuwa na marubani wa Delta pia, na ndicho kilichotia sahihi mipaka iliyozuia ndege za wadogo. Chama kimoja, na wanachama wa pande zote mbili za ua. Katibu wa chama cha namna hiyo angelala vipi?

Nisiwachoshe na miaka iliyofuata. US Airways na United zilikwenda mahakama ya mufilisi mwaka 2002, na huko mipaka ikalegezwa. US Airways ilifanya mapatano kwamba nafasi nyingi katika jeti ndogo mpya wapewe marubani wake waliopunguzwa. Yaani mtu anarudi kazini kwa mshahara mdogo, katika ndege iliyochukua kazi yake. American nayo iliingia mufilisi Novemba 2011, na Septemba 2012 hakimu aliiruhusu kampuni kuuvunja mkataba wa marubani. Mkataba mpya wa Desemba mwaka huo uliruhusu jeti za viti 76. Ile hesabu ya viti 50, kisha 70, haikuwa ndoto ya walevi.

Na wale wadogo walipata faida gani? Mafuta yalipopanda bei, jeti ya viti 50 ikawa mzigo, kwa kuwa hunywa mafuta mengi kwa kila abiria. Comair, ile ya kwanza, ile ya mgomo wa siku 89, ilifungwa tarehe 29 Septemba 2012. Mipaka haikuwaokoa, wala kuiondoa mipaka kusingewaokoa. Safari zao ziligawiwa kampuni nyingine, kwa kuwa Delta haikufungwa na lolote kuziacha kwao.

Lakini msidhani kifungu ni karatasi tupu. Hata leo mikataba ya marubani wa kampuni kubwa za Marekani haikubali ndege za wadogo zipite viti 76, wala uzito wa ratili 86,000, ambao ni kilo 39,000 hivi. Embraer walitengeneza jeti mpya, E175-E2, iliyoruka mara ya kwanza mwaka 2019. Injini zake ni za kisasa, zinatumia mafuta kidogo. Lakini ni nzito kuliko kipimo hicho. Mwaka 2022 Embraer walisimamisha kazi ya kuitengeneza. Maneno yaliyoandikwa na wafanya kazi Marekani yamezuia ndege kiwandani Brazil.

Sisi hapa Kenya Airways inarusha Embraer, na tangu 2014 ina ndugu yake mdogo, Jambojet, mwenye ndege za pangaboi za Dash 8. Sisemi kuna neno baya hapo. Nataka tu muione nyumba yenye milango miwili, maana wengi wetu, tusioruka hata siku moja, tunafanya kazi katika nyumba kama hiyo. Ninyi wa stoo, ninyi wa jikoni, ninyi madereva: jirani yako wa benchi ana barua ya kontrakta, na wewe una barua ya kampuni.

Mapatano yetu yanakwisha mwaka huu. Rasimu niliyoonyeshwa na Halmashauri ina kurasa tisa za mishahara na posho, na mstari mmoja tu juu ya kazi kupelekwa kwa wengine, nao wasema kampuni "itashauriana" na chama. Kushauriana ni nini? Ni kuitwa ofisini ukaambiwa. Mimi naomba mstari huo uandikwe upya: kazi inayofanywa leo na wanachama, ikihamia kwa kampuni dada au kontrakta, wafanya kazi waifuate pamoja na miaka yao na mshahara wao. Na tena naomba wale wa kontrakta waandikishwe katika chama sasa, kabla ya mazungumzo, wakae nasi katika kuandika mstari huo. Najua wako kati yenu wasiolitaka hili la pili, nao wana sababu zao. Waziseme hapa, tuzisikie, tupige kura leo kabla makaratasi hayajapelekwa kwa tajiri.