Kuku Si Jalala: Vitamini Haziondoi Sumukuvu



Tukiona mahindi yameota kuvu, mara nyingi husema, "Wape kuku." Mwaka 1960, huko Uingereza, bata mzinga zaidi ya 100,000 walikufa kwa kula mashudu ya karanga yenye kuvu. Ndipo sumu iitwayo aflatoksini ilipogunduliwa. Sumu hii huharibu ini, na ini likiharibika kuku hanufaiki vizuri na vitamini A, D, E na K. Hudumaa, hupunguza kutaga na huugua kwa urahisi.

Vitamini E hupunguza madhara kiasi, lakini haiondoi sumu katika chakula. Hata kuchemsha hakuiondoi. Tena mabaki yake huweza kufika kwenye mayai na maini tunayokula. Nasi hatuko salama: mwaka 2004, nchini Kenya, watu 125 walikufa kwa kula mahindi yenye sumu hiyo.

Kwa hiyo tunaomba fedha za mradi zianze na maturubai ya kuanikia na ghala kavu, vitamini zifuate. Mahindi yenye kuvu tuyateketeze, maana kuku nao ni viumbe tuliokabidhiwa na Mungu.