Kampuni Yenye Masikio



Tumeombwa kusema machache juu ya kinachozistawisha kampuni za teknolojia. Wengi hudhani ni mitambo na fedha nyingi. Sisi twaona kuwa msingi ni mwenendo wa watu waliomo ndani yake, na mfano hauko mbali: ni M-Pesa.

Mwaka 2005 Vodafone na Safaricom walianza majaribio nchini Kenya, kwa wateja wasiozidi 500. Nia ilikuwa watu walipe marejesho ya mikopo midogo kwa simu. Wateja wakaenda njia yao: wakatumiana fedha wao kwa wao; wengine wakaziweka kwa wakala kabla ya safari, wakazitoa wafikapo. Wakubwa wangeweza kuwakaripia kwa kuvuruga mpango. Badala yake wakasikiliza, wakaondoa yaliyotatiza, na Machi 2007 wakazindua huduma yenye ujumbe mmoja: tuma fedha nyumbani. Mwaka uliofuata Vodacom ikaileta Tanzania. Habari ya chini ilifika juu, na juu ikabadili nia.

Katika maduka yetu ya kurithishana, neno la mzee ndilo la mwisho. Heshima hiyo imezijenga nyumba zetu. Lakini kijana asimamaye kaunta, hapa Keza au Ngara mjini, ndiye amwonaye mama aliyetoka kuuza kahawa akimkabidhi simu pamoja na namba ya siri, kwa kuwa hajui kusoma. Saa hiyo mwenye duka hayupo. Kinga ya mama yule ni malezi ya kazi tuliyompa kijana: aikatae namba ile, amrudishie simu, amwombe aje na mtu wa nyumbani anayemwamini. Na akiona kasoro dukani, atuambie bila kuhofia riziki yake.

Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Nasi kila Diwali hufungua madaftari mapya. Ila daftari huonyesha fedha iliyoingia; halionyeshi neno ambalo mtumishi alilimeza kwa hofu, wala mteja aliyeondoka kimya asirudi tena. Basi mwaka huu, kabla ya kuandika tarakimu ya kwanza, tumwite kijana wa kaunta, tumpe kiti, tumuulize ameona nini.

Tunaitakia jumuiya yetu maadhimisho mema.