Machungwa Tuyauzayo na Tuyalayo

(Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama siku ya sherehe ya miaka kumi ya Chama)



Katika miaka kumi hii tumezungumza mengi juu ya bei ya chungwa. Leo twaomba ruhusa tuzungumze juu ya yaliyomo ndani yake.

Mwezi Januari, 1499, merikebu za Vasco da Gama zilitia nanga Malindi zikitoka Bara Hindi. Mabaharia, waliokaa karibu miezi mitatu baharini bila matunda wala mboga mbichi, walikuwa hoi kwa kiseyeye: ufizi umevimba hata kufunika meno, miguu imefura. Watu wapatao 30 walikwisha kufa njiani. Mkuu wao akatuma mtu pwani kutafuta machungwa. Wengine walikuwa wamechelewa, wakafia papo hapo Malindi. Tunda lililotakiwa kwa hamu hiyo ndilo hili tunalolihesabu kwa matenga.

Mwaka 1747 daktari James Lind, katika manowari ya Uingereza, aliwapa wagonjwa 12 dawa mbalimbali. Wawili waliopewa machungwa na malimau ndio waliopona upesi. Wengi wakadhani nguvu imo katika uchachu. Sivyo. Uchachu wa ndimu watokana na asidi ya sitiriki, na wa ukwaju na asidi ya tatariki. Kinga ya kiseyeye ni vitamini C, nayo ni asidi nyingine kabisa, iliyotengwa na Albert Szent-Györgyi mwaka 1928. Pera si chachu kama ndimu, lakini laishinda mbali kwa vitamini hiyo.

Twaungama kosa la majikoni mwetu: mchicha twauchemsha hata ukalegea, kisha maji twayamwaga. Vitamini C huyeyuka katika maji na huharibika kwa moto. Maji yawe kidogo, na muda uwe mfupi. Ndimu nayo ikamuliwe juu ya maharage yaliyokwisha kuiva, maana huusaidia mwili kupokea madini ya chuma yaliyomo.

Liko jambo zito zaidi. Kila msimu machungwa yenye makovu ya ganda hukataliwa mezani pa kuchagulia, yakaoza nyuma ya ghala, nao watoto wetu hupita hapo wakienda shule. Kovu la ganda halipunguzi kitu ndani. Sisi tulio katika Halmashauri tumelipita rundo lile miaka yote hii, tusiseme neno.

Basi twaleta ombi mbele ya Mkutano Mkuu: machungwa hayo, yangali mazima, yapelekwe shuleni siku ile ile yakataliwapo, kwa gari la Chama. Petroli ilipwe kutoka katika fungu la Chama, wala isikatwe katika malipo ya mkulima.