Mizani ya Mbinga



Nilikulia Mbinga, ulipokuwa mji mdogo wa barabara za vumbi. Mwaka 1994 wafanyabiashara binafsi waliruhusiwa kununua kahawa. Miaka michache baadaye, nikiwa darasa la tatu, nilifuatana na baba kuuza gunia letu. Mnunuzi alitamka kilo 38; mimi nilisoma 46. Nilimvuta baba shati, akaninyamazisha, kwa kuwa ada yangu ya shule ilingojea fedha zile. Njiani hakusema neno.

Ndugu zangu, Chama Kikuu ni chetu. Katika kila chama cha msingi, mwanachama na aisome mizani kwa macho yake mwenyewe. Na mtoto akisema “sivyo,” asinyamazishwe.