Nyumba Kongwe za Salem na za Bagamoyo

(Hotuba iliyosomwa na mwanachama mmoja katika mkutano wa wanachama, Bagamoyo)



 Bwana Katibu aliniandikia nieleze niliyoyaona Marekani nilipokuwa masomoni huko. Najua ya kuwa wengi mwatazamia kusikia habari za majumba marefu ya New York na Chicago. Nayo niliyaona, hata shingo ikachoka kwa kuyatazama. Lakini majumba hayo mwayaona kila siku katika picha, na mimi sina la kuongeza. Nimeona bora niwaeleze habari za nyumba fupi na kongwe za miji midogo miwili, kwa kuwa nyumba hizo zatuhusu kuliko tunavyodhani. Tena nina kosa langu la kukiri mbele yenu, nami nitalitaja kabla sijaketi.

Kwanza niseme nilikotoka. Mimi ni mtu wa Ubena Zomozi. Si Ubena ya Njombe, bali hii yetu iliyo katika njia ya Morogoro. Kwetu nilikokulia, nyumba ilikuwa ya miti na udongo, na ilipochakaa ilivunjwa, ikajengwa nyingine kando yake. Hatukuona huzuni kwa hilo. Basi nilipoletwa Bagamoyo kuwa karani, nikapewa meza katika nyumba kongwe ya mawe, niliona nimepewa adhabu. Popo walikaa darini, na siku za masika tulihamisha majalada kutoka kona hii hadi kona ile kama watu wanaohamisha vifaranga. Niliziita nyumba hizi magofu, na nilitamani siku moja lije tingatinga lizisukume baharini, tujengewe ofisi za matofali ya saruji.

Na moyo huo ndio niliokwenda nao ng'ambo.

Mji wa Salem uko katika jimbo la Massachusetts, karibu na Boston. Ni bandari ya zamani. Ukingoni mwa maji iko Nyumba ya Forodha, iliyojengwa mwaka 1819 kwa matofali mekundu, na juu yake amewekwa tai mwenye rangi ya dhahabu. Niliingia kama mgeni yeyote, nikitaraji kusikia habari za watu nisiowajua. Mara nikasikia yule aliyetuongoza akilitaja jina la Zanzibar! Nikasimama wima kama mtu aliyeitwa jina lake sokoni.

Mabwana, merikebu za Salem zilikuwa zikija Unguja hata kabla ya mkataba wa biashara wa mwaka 1833 baina ya Marekani na Seyyid Said. Mwaka 1837 balozi mdogo wa kwanza wa Marekani alifika Unguja, naye alikuwa mtu wa Salem, jina lake Richard Waters. Merikebu zile zilileta nguo za pamba ambazo wazee wetu waliziita merikani, na jina hilo limebaki katika lugha yetu hata leo. Zilirudi na pembe za ndovu, na ngozi, na sandarusi. Na sandarusi hiyo nyingi ilitoka wapi? Ilichimbwa katika mchanga wa Mrima huu wetu, ikapelekwa Salem, ikasafishwa huko na kutumiwa kutengeneza vanishi. Huenda meza nyingi za matajiri wa Marekani ziling'aa kwa utomvu wa miti ya pwani yetu.

Katika Nyumba ile ya Forodha alifanya kazi mtu mmoja, Nathaniel Hawthorne, ambaye baadaye alipata sifa kubwa kwa kuandika vitabu. Alikuwa mtumishi wa Serikali kama sisi. Alishika kazi mwaka 1846, akaondolewa mwaka 1849 baada ya chama kingine kushika madaraka. Mwaka 1850 akatoa kitabu chake kilicho mashuhuri kuliko vyote, na katika dibaji yake akaieleza ofisi ile na wazee waliosinzia vitini mwao. (Naona wanachama wengine wanacheka, mimi sikumtaja mtu.) Nalisema hili kwa sababu nyumba ile haikutunzwa kwa ajili ya mfalme wala jemadari. Yatunzwa pamoja na kumbukumbu za mizani, na kodi, na makarani. Ofisi nayo ni historia.

Mji wa pili niliouona ni Ivoryton, katika jimbo la Connecticut. Maana ya jina hilo ni Mji wa Pembe. Huko na katika mji jirani wa Deep River vilikuwako viwanda vilivyokata pembe za ndovu kuwa vibao vyembamba vya vinanda. Vibao hivyo vilianikwa juani katika nyumba za vioo ili viwe vyeupe. Pembe nyingi zilizofika huko zilipitia Unguja, na kabla ya Unguja zilipita katika bandari za Mrima, na Bagamoyo ndiyo iliyokuwa mlango mkuu wa njia ya Tabora na Ujiji. Nani asiyejua zilivyofika pwani? Zilifika juu ya mabega ya wapagazi, wengine watu huru waliolipwa kwa nguo, wengine watumwa wasiolipwa kitu. Katika Ivoryton liko jumba lililojengwa mwaka 1911 kuwa mahali pa starehe pa wafanyakazi wa kiwanda cha pembe. Leo ni jumba la michezo ya kuigiza. Nililitazama kwa muda mrefu. Nikajiambia: Jumba hili lina nguzo mbili, moja iko hapa na ya pili iko Bagamoyo, na hii ya pili mimi nilitaka isukumwe baharini.

Basi nikauliza, je, watu hawa walihifadhi nyumba zao kwa kuwa ni matajiri? Jibu nililopata lilinishangaza. Mara nyingi ulikuwa ni umaskini uliozihifadhi. Biashara ya Salem ilihamia Boston na New York, mji ukapoa, na nyumba za zamani zikasalia kwa kuwa hapakuwa na sababu ya kujenga mpya mahali pake. Mwaka 1938 Serikali yao ikatangaza Forodha ile na magati yake kuwa mahali pa historia ya taifa, pa kwanza kupewa daraja hiyo. Lakini New York, mji wenye fedha, mwaka 1963 walianza kuvunja kituo kizuri cha gari moshi kiitwacho Pennsylvania Station, kilichofunguliwa mwaka 1910. Nguzo zake za mawe zikatupwa jalalani. Watu wakajuta, na mwaka 1965 mji ukapitisha sheria ya kulinda majengo yake ya zamani. Sheria ilikuja baada ya maiti kuzikwa.

Sasa turudi nyumbani. Mwaka 1891 Wajerumani walihamisha makao makuu yao kutoka Bagamoyo kwenda Dar es Salaam. Kisha reli ikaanzia Dar es Salaam, ikafika Kigoma mwaka 1914, na misafara ya wapagazi ikakoma. Mji wetu ukapoa kama Salem ilivyopoa. Kwa hiyo twaweza leo kwenda kwa miguu kutoka Ngome Kongwe, ambayo ilianza mwaka 1860 kuwa nyumba ya mfanyabiashara wa Kiarabu, kisha ikawa ngome, kisha gereza, hata Forodha ya mwaka 1895, hata Boma la mwaka 1897, na tukaenda mbele hata Misheni iliyoanzishwa mwaka 1868, ambako maiti ya Livingstone ililazwa usiku mmoja mwezi wa Februari 1874. Na ukitaka ya kale zaidi, Kaole si mbali, yenye misikiti yake na makaburi ya nguzo yaliyojengwa karne nyingi kabla ya Mjerumani kujulikana huku.

Umaskini ulizihifadhi nyumba hizi. Leo barabara ya lami imefika, thamani ya viwanja imepanda, na fedha inakuja. Nami nasema, Mabwana, saa ya hatari kwa nyumba kongwe si saa ya njaa. Ni saa ya kushiba.

Na hapa ndipo nitakapokiri kosa langu.

Zamani kidogo nilikuwa nikishughulika na ununuzi wa vifaa katika ofisi moja ambayo sitaitaja. Ukuta wa nyuma ulikuwa umebanduka lipu. Tukamwita fundi mzee, akatazama, akapapasa, akasema yataka chokaa iliyoiva, na majuma sita ya kazi, kwa kuwa kila tabaka lazima likauke kabla ya jingine kupakwa. Mimi nilikuwa na fedha ambayo isipotumika kabla ya tarehe 30 Juni ingerudi Hazina. Majuma sita sikuwa nayo. Nikaagiza saruji, vijana wakapiga lipu kwa siku nne, ukuta ukang'aa, na mimi nikasifiwa.

Masika ya kwanza yakapita salama. Masika ya pili ukuta ukavimba. Ya tatu, lipu ikaanguka kipande kizima, nayo haikuanguka peke yake. Ilishuka na mawe, na vichwa vya boriti vilivyokuwa ndani ya ukuta vikaonekana vimeoza kama muhogo uliosahauliwa majini. Nikamrudia yule mzee kwa aibu. Hakunikemea. Alisema tu, "Mwanangu, ulimvika mtu koti la mpira, kisha ukamsimamisha juani."

Sikumwelewa sawasawa mpaka nilipofika Salem. Huko nilimkuta mwashi akitengeneza ukuta wa matofali ya zamani. Nikamwuliza mbona hatumii saruji, ilhali nchi yao ina saruji ya kila namna. Akanieleza maneno yale yale ya mzee wetu, isipokuwa hakutaja koti. Kuta zetu zimejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa iliyochomwa kutokana na matumbawe hayo hayo. Ukuta wa namna hiyo hunywa maji kutoka chini, na huyatoa kwa kupumua kupitia chokaa. Ukiuziba kwa saruji, maji hukosa njia, hupanda juu, na chumvi iliyomo husukuma kutoka ndani hata jiwe lenyewe likamomonyoka. Na boriti za mikoko, ambazo urefu wake ndio uliowafanya wazee wajenge vyumba vyembamba na virefu, huoza kichwani kimya kimya. Nyumba hufa huku imepakwa rangi mpya.

Mabibi na Mabwana, nilisafiri bahari na nchi kwenda kusomeshwa jambo ambalo fundi wa Bagamoyo alikwisha nieleza bure. Mzee yule ametangulia mbele ya haki. Wanawe ni mafundi hodari wa matofali ya saruji. Chokaa hawaijui, kwa sababu watu kama mimi hatukuwapa kazi ya chokaa. Hilo ndilo linaloniuma kuliko ukuta.

Sikuja kuwaombea nyumba hizi huruma, wala sikuja kusema kila jiwe libaki lilipo. Nasema tu ya kuwa funguo za nyingi kati ya nyumba hizi zimepata kuwa, na nyingine zingali, mikononi mwa watumishi wa Serikali. Kwa hiyo naomba Chama kifikirie mambo manne.

La kwanza, kila ofisi iliyomo katika nyumba kongwe iwe na daftari ya nyumba, kama vile gari lilivyo na daftari yake. Yaandikwe humo mahali panapovuja, kilichotengenezwa, na kwa vifaa gani. Mtumishi huhamishwa, daftari hubaki.

La pili, paa na mifereji vitazamwe mwezi wa Februari, kabla ya masika, si mwezi wa Aprili kwa ndoo.

La tatu, asiguse mtu ukuta wala mlango bila kuiuliza Idara ya Mambo ya Kale. Sheria ya mwaka 1964 hulinda hata milango ya nakshi iliyochongwa kabla ya mwaka 1940. Anayemwuzia mgeni mlango wa nyanya yake ajue kwamba anauza mali iliyo chini ya sheria.

La nne, watafutwe mafundi wachache wa chokaa waliosalia, nao wapewe vijana wa kufundisha, na kazi iandikwe katika makadirio kwa wakati wake, si mwisho wa Juni. Mimi niko tayari kuanza na changu kidogo.

Nimekwisha. Wenzangu kutoka Ubena, Lugoba na Miono, ambao kwenu hakuna nyumba za mawe, msiseme mambo haya ni ya watu wa pwani. Mizigo iliyozijenga ilipita milangoni mwa babu zetu. Kesho asubuhi, kabla ya kupanda gari, naomba mnifuate niwaonyeshe ukuta ule. Una alama ya kosa langu hata leo, na sitaki ipakwe rangi.