Feni ya Heta Ikikoma
(Maneno yaliyosemwa mbele ya mkutano wa madereva na mafundi wa gereji)



Nimeombwa niseme juu ya feni ya heta. Naona wengine wanacheka, na ndugu zetu wa Mombasa wanacheka zaidi, maana kwao heta ni kitu cha kuongeza jasho. Lakini dereva anayepita Limuru alfajiri mwezi wa Julai, au Timboroa ambako ni zaidi ya meta 2,700 juu ya bahari, hacheki. Heta si starehe. Kazi yake kubwa ni kuondoa ukungu katika kioo cha mbele. Watu wanne wakiingia na nguo zilizoloa, pumzi zao hushika kioo kilicho baridi, na dereva huendesha kwa mkono mmoja huku mwingine ukipangusa kwa leso. Lori linalokuja mbele halimngojei amalize kupangusa.

Tena kuna shauri la mshahara. Mimi niliendesha pikapu ya Toyota iliyoundwa miaka ya 1990. Siku moja feni ikakoma. Ofisini wakasema nimeiunguza kwa kuiwasha kutwa, na bei ya mota mpya itakatwa katika mshahara wangu. Fundi wao alikuwa amekwisha kuandika "mota imeungua" bila kulegeza hata skrubu moja. Nikaomba siku moja tu niitazame mwenyewe.

Kwanza washa feni na ujaribu mwendo wote, wa kwanza mpaka wa mwisho. Ikiwa mwendo mdogo umekufa na ule wa mwisho unafanya kazi, usiguse mota, ni nzima. Kilichoungua ni rizista, yaani waya zilizoviringwa zinazopunguza nguvu ya stima. Katika mwendo wa mwisho stima haipiti humo. Rizista hukaa ndani ya njia ya upepo ili ipoe, na mara nyingi utaiona karibu na mota, chini ya dashibodi. Ukibadilisha, uliza pia kwa nini iliungua. Huenda mota imekuwa nzito kwa kukauka mafuta, au majani yameziba njia ya upepo.

Ikiwa mwendo wote umekufa, tazama fyuzi. Iliyokatika iwekewe nyingine ya namba ile ile. Yule anayeweka fyuzi kubwa zaidi, au karatasi ya sigara inayong'aa, ajue kwamba sasa waya ndizo zitakazoungua, nyuma ya dashibodi, miguu yake ikiwa hapo.

Fyuzi ikiwa nzima, acha swichi imewashwa na ugonge mota polepole kwa mpini wa bisibisi. Ikishtuka na kuzunguka, basi burashi za kaboni karibu zimekwisha. Yangu haikushtuka.

Sasa sikilizeni sana, maana hapa ndipo pesa za watu hupotea. Chukua balbu kuukuu ya taa kubwa, ya volti 12 na wati 55, uifunge nyaya mbili. Balbu ndogo ya dashibodi haifai. Inakula stima kidogo mno, na itawaka hata kama waya umeoza ukabaki uzi mmoja. Hii ya wati 55 hula karibu ampia 4 na nusu, kwa hivyo waya mbovu huiabisha upesi. Usiishike kwenye kioo, itakuchoma.

Mafundi wengi hufunga waya mmoja wa taa bodini na kugusa mota kwa ule mwingine. Lakini katika Toyota nyingi za miaka ile, stima hufika kwenye mota kwanza, halafu hupita rizista na swichi ikielekea bodini. Njia ya kurudi ikikatika, stima husimama pande zote mbili za mota. Taa itawaka huku, itawaka na huku, na fundi atasema stima ipo, mota imekufa. Utanunua mota mpya, nayo haitazunguka.

Kwa hivyo chomoa plagi ya mota, weka swichi katika mwendo wa mwisho, na utie waya mmoja wa taa katika kila tundu la plagi. Taa ikiwaka kwa nguvu, stima inakwenda na kurudi sawasawa, na mgonjwa ni mota. Ikiwaka hafifu au isipowaka, iache mota. Fuata rilei, swichi, plagi zilizoyeyuka na waya wa bodini.

Taa yangu iliwaka kwa nguvu. Nikafungua waya wa negativu wa betri (gari likiwa na mfuko wa hewa, ngoja dakika kadhaa kabla ya kuingiza mkono), nikatoa skrubu tatu, mota ikashuka. Ndani mlijaa majani ya mkaratusi, na burashi moja ilikuwa imelika mpaka haigusi shaba. Haikuungua hata kidogo. Nikakata burashi ya mota kubwa kuukuu, nikaisugua kwa msasa mpaka ikaingia bila kukwama, nikasafisha shaba kwa msasa laini, nikatia tone moja la mafuta kwenye bushi. Mafuta yasifike kwenye shaba. Jioni feni ilizunguka.

Burashi ile iliyolika nilimpelekea msimamizi, katibu wa tawi akiwa nami. Sheria ya Kazi ya mwaka 2007, kifungu cha 19, inamruhusu mwajiri kukata kiasi cha haki kwa mali iliyoharibiwa kwa kosa la makusudi la mfanya kazi. Burashi huisha kama soli ya kiatu. Msimamizi aliigeuza geuza mkononi, kisha akaifuta ile karatasi ya makato.

Kwa hivyo mkitengenezewa gari, dai kile kipande kilichotolewa, ukifunge katika karatasi yenye tarehe na namba ya gari. Mota nzima na mota mbovu nimeziweka mezani pale, pamoja na betri na taa. Anayetaka kujaribu aje sasa, kabla chai haijafika.