SAFARI YA ANGANI: HESABU SAA ZAKO VIZURI

MTANGAZAJI: Ndugu msikilizaji, uwe Kakuma, Dadaab au Nyarugusu, huenda jina lako limeshatoka kwenye orodha ya safari, au una ndugu aliye njiani. Leo tuhesabu pamoja saa za angani.

Kutoka Nairobi hadi Amsterdam ni takribani kilomita 6,700. Ndege kubwa ya abiria hukimbia karibu kilomita 900 kwa saa. Ukigawanya unapata saa saba na nusu hivi. Lakini kuna muda wa kupaa na kutua, na njia ya ndege hainyooki kama uzi. Basi tegemea saa nane hadi tisa.

Sasa tazama tikiti. Tuseme ni Januari, na imeandikwa kuondoka 23:30, kufika 06:00. Utasema, "Mbona ni saa sita na nusu tu?" Sivyo. Tikiti huandika saa za kila mji. Januari, Amsterdam iko nyuma ya Nairobi kwa saa mbili. Wao wakiwa saa kumi na mbili asubuhi, Nairobi ni saa mbili. Umekaa angani saa nane na nusu. Andaa chakula cha mtoto na nepi kwa hesabu hiyo.

Jambo la pili ni tarehe. Tikiti huanza siku mpya usiku wa manane. Ikiandikwa tarehe 15, 00:30, hiyo ni saa sita na nusu usiku, na uwanjani unatakiwa kufika jioni ya tarehe 14. Ukingoja jioni ya tarehe 15, ndege imeshaondoka. Muulize mfanyakazi wa safari: "Basi linatuchukua siku gani, saa ngapi za Kiswahili?" Usione aibu kuuliza mara mbili.

Tatu, dawa. Kama unameza dawa kila baada ya saa 12 au 24, hesabu saa zilizopita, usifuate jua. Unaweza kuacha saa yako ya mkononi kwenye saa za Nairobi mpaka ufike. Mwone daktari wa kliniki kabla ya siku ya safari, hasa ukiwa na kisukari au mimba. Dawa zikae kwenye mfuko wa mkononi, si kwenye sanduku linalopakiwa chini ya ndege.

Nawe unayebaki kambini, usishtuke simu ya mwanao isipopatikana. Anayekwenda New York kupitia Amsterdam ana takribani kilomita 5,900 nyingine, saa nane hivi tena. Ongeza saa za kungoja uwanjani, na kumbuka kwamba huko Januari wako nyuma yetu kwa saa nane. Simu ya kwanza inaweza kuchukua siku nzima au zaidi. Mpe muda.

Na mtu akikuambia umlipe ili tarehe ya safari isogezwe mbele, usimpe hata shilingi. Huduma za UNHCR ni bure. Katoe taarifa ofisini.

Mwambie na jirani uliyoyasikia. Safari njema kwako unayeondoka, na subira njema kwako unayengoja.